Nyungunyungu wa familia gani kwa Kigoma na Tabora? Eudrilidae, Lumbricidae na Megascolecidae

Anayetaka kuanza boksi la mboji ya nyungunyungu Ujiji, Kasulu au Urambo huuliza bei kabla ya kuuliza familia, yaani ukoo wa nyungunyungu anaowanunua. Familia ndiyo inayobeba bei. Nyungunyungu wanaofugwa na kuuzwa kwa kazi hii katika nchi za joto ni aina chache tu, na hizo chache zimetoka katika familia tatu zisizo na asili moja: moja ya Afrika, moja ya Ulaya na jirani zake, na moja ya Asia. Kila familia imekuja na mipaka yake ya joto na unyevu, na mipaka hiyo haibadiliki kwa sababu mnunuzi amehama mkoa.

Uamuzi wetu tunautoa mapema, sababu zinafuata. Mwambao wa ziwa, yaani Kigoma Mjini, Ujiji na vijiji vya kusini kuelekea Mahale, chukua *Eudrilus eugeniae* wa familia ya Eudrilidae. Kasulu, Buhigwe na Kibondo, kwenye miinuko ya baridi, chukua *Eisenia fetida* au ndugu yake *Eisenia andrei*, wa Lumbricidae. Tabora ndiyo penye ubishi, na tutaipa nafasi yake. *Perionyx excavatus* wa Megascolecidae tunamweka mwisho, ingawa mara nyingi ndiye utakayeuziwa bila kuambiwa.

Eudrilidae: familia ya Afrika

Eudrilidae kwa asili wako Afrika peke yake, kusini mwa Sahara: misitu ya magharibi, bonde la Kongo, nyanda za juu za Ethiopia, Afrika Mashariki, na kushuka hadi kusini mwa bara. Madagaska ina familia yake nyingine, Kynotidae, na Afrika Kusini ina Microchaetidae, wale wanaosifika kwa urefu. Kwa hiyo mkulima wa Tabora akichimba shamba baada ya mvua za kwanza na kumpata nyungunyungu wa kijivu au zambarau, uwezekano ni mkubwa kwamba ni Eudrilidae au ni *Dichogaster*, wale wadogo wembamba ambao wataalamu hadi leo hawajakubaliana wawaweke katika familia ipi. Wengine huwaweka Acanthodrilidae, wengine huwapa familia yao.

Ndani ya Eudrilidae kuna mafungu mawili makubwa, Eudrilinae na Pareudrilinae, na jenasi nyingi, yaani vikundi vya aina zilizo ndugu wa karibu. Upande wetu wa bara zinatajwa sana *Polytoreutus* na *Stuhlmannia*. Jina la pili linamkumbusha Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekusanya viumbe Zanzibar na bara mwishoni mwa karne ya 19. Nyingi ya sampuli hizo zilifika Hamburg mikononi mwa mtaalamu wa nyungunyungu Wilhelm Michaelsen, na ndiye aliyezipa majina katika miaka ya 1890. *Hyperiodrilus*, anayejaza udongo wa Nigeria kwa vinyesi vyake vilivyosimama kama minara midogo, ni ndugu wa magharibi.

Kinachoitenga familia hii hakionekani kwa macho. Nyungunyungu wengi hutunza mbegu za kiume walizopokea katika vifuko vilivyo mbali na ovari, na yai hurutubishwa nje, ndani ya kifuko kinachotolewa na ule mkanda mnene wa mwilini. Kwa wengi wa Eudrilidae, kifuko cha mbegu kimeunganishwa na njia ya mayai, na inaaminika urutubishaji hufanyika mwilini. Pia mrija wa mbegu wa dume una sehemu yenye misuli ambayo familia nyingine hazina. Ili kuona haya unahitaji wembe na darubini, ndiyo maana uainishaji wa kundi hili umeenda polepole. Kwa nyungunyungu wa shambani, bila kupasua sampuli familia hutajwa kwa kubahatisha, na aina hata kubahatisha haiwezekani.

Tahadhari kubwa ya sehemu hii: *Eudrilus eugeniae* ni Eudrilidae, lakini si mwenyeji wa Kigoma wala Tabora. Asili yake ni Afrika Magharibi. Jina lake la kitaalamu alipewa na Kinberg, mtaalamu wa wanyama wa Uswidi, mwaka 1867 kwa sampuli za kisiwa cha St Helena katika Atlantiki, zilizokusanywa na msafara wa meli ya Kiswidi iliyoitwa Eugenie, na kisiwani huko alikuwa mgeni vilevile, huenda amebebwa na udongo wa miche. Hivyo hoja ya kwamba «ni wa familia ya kwetu, basi wa shambani kwangu watafaa» haisimami. Eudrilidae wengi wa shambani ni wala udongo: wanaishi ndani ya ardhi, wanameza udongo na mabaki laini yaliyochanganyika nao. Ukiwatia katika boksi la samadi tupu, wanatoroka au wanakufa ndani ya siku chache. *Eudrilus eugeniae* anafaa kwa sababu anaishi juu, kwenye takataka na mbolea, anakula sana na anazaa haraka. Ni tabia ya aina hiyo, haimo katika familia nzima.

Lumbricidae na Megascolecidae

Lumbricidae ni familia ya Ulaya, Asia ya magharibi na sehemu ya Amerika Kaskazini. Wamesambazwa duniani kote na walowezi, miche na bustani. Wanaofugwa ni *Eisenia fetida*, mwenye mistari ya rangi nyekundu na njano kama pundamilia, na *Eisenia andrei*, mwekundu mtupu. Ukiwabana hutoa majimaji ya njano yenye harufu, na mwisho wa mkia wa *fetida* una unjano. Hao wawili waliwahi kuhesabiwa aina moja. *Andrei* alitengwa mwaka 1972 na Bouché wa Ufaransa, na kwa kazi ya boksi tofauti yao ni ndogo.

Megascolecidae ni familia ya Asia ya Kusini, Asia ya Mashariki na Australia. *Perionyx excavatus* ametoka huko. Mgongo wake una zambarau iliyoiva inayong'aa bluu kwenye jua, mwembamba, mwepesi, na ukimgusa anaruka na kujinyonganyonga. Muuzaji anayesema «mwekundu wa Ulaya» huku boksini wanarukaruka hivyo, ama hajui ama anakuuzia mchanganyiko.

Takwimu kando kwa kando

| | *Eudrilus eugeniae* | *Eisenia fetida* | *Perionyx excavatus* |
|---|---|---|---|
| Familia | Eudrilidae | Lumbricidae | Megascolecidae |
| Asili | Afrika Magharibi | Ulaya na jirani | Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki |
| Urefu akikomaa | sm 10–25 | sm 5–10 | kwa kawaida chini ya sm 12 |
| Joto analolivumilia | nyuzi 16–30 | nyuzi 0–35 | hapendi chini ya 9, hustahimili joto |
| Joto bora | karibu 25 | karibu 25 | 25 na zaidi |
| Kifuko cha mayai huanguliwa | siku 12–16 | siku 18–26 | karibu siku 18 |
| Watoto kwa kifuko | 2–3 | 2–4 | mara nyingi 1 |
| Kukomaa | wiki 6–7 | wiki 4–7 | wiki 4–6 |

Joto hilo ni la ndani ya boksi, si la hewani. Chomeka kipimajoto kina cha sm 10, saa nane mchana na alfajiri, ndipo usome jedwali. Boksi lililo kwenye kivuli na lenye unyevu hupoa kuliko hewa ya mchana. Lililojazwa majani mabichi hupanda moto hata usiku.

Unyevu wote watatu wanautaka karibu asilimia 80 ya uzito. Kipimo cha mkono kinatosha: kamata kiganja kimoja, kamua. Matone mawili matatu yakitoka, sawa. Maji yakitiririka, hewa imekwisha humo ndani. Yasipotoka kabisa, ngozi yao inakauka, na nyungunyungu anapumua kwa ngozi.

Jambo ambalo jedwali halisemi ni uzito. *Eudrilus* mkubwa aliyelishwa vizuri hufika gramu 2.5 hadi 3.5, *Eisenia* ana kama nusu gramu. Kilo moja ya *Eudrilus* wakubwa ni kama 300 hadi 400, na kilo moja ya *Eisenia* inakaribia 1,800. Ukinunua kwa kuhesabu, *Eudrilus* anakupa chakula cha samaki kingi zaidi kwa pesa ileile. Ukinunua kwa kilo, *Eisenia* anakupa wazazi wengi zaidi, na boksi linajaa mapema. Muulize muuzaji anauza kwa kipi kabla ya kulinganisha bei za watu wawili.

Kumtambua kabla ya kulipa

Chagua mwenye mkanda. Mkanda ni ile sehemu nene, nyepesi rangi, inayozunguka au kukalia mwili upande wa mbele. Asiye nayo ni mtoto, na mtoto hatambuliki. Msuuze, mlaze juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Akisumbua, mweke dakika chache ndani ya mfuko juu ya barafu ya samaki, atatulia. Shika lenzi ya mkono inayokuza mara 10, uhesabu pingili kuanzia mdomoni.

Mkanda ukianzia pingili ya 24 hadi 26 na kuishia karibu na ya 32, tena ukiwa umekaa kama tandiko la punda, yaani juu na pembeni bila kufunga tumbo, huyo ni Lumbricidae, *Eisenia*. Mkanda ukianzia mbele zaidi, pingili ya 13 au 14, na kuishia 17 au 18, umebaki na wawili. Hapo tazama vinyweleo vigumu vya kila pingili. *Eudrilus* ana vinane tu, jozi nne, vilivyopangwa upande wa tumbo na ubavuni. *Perionyx* ana vingi, vimezunguka pingili nzima kama pete. Kwa *Eudrilus* tazama pia pingili ya 14 ubavuni: matundu mawili ya kike yanaonekana bila shida, na ya kiume yako pingili ya 17. Kwa *Perionyx* ya kiume yako pingili ya 18, yamekaribiana katikati ya tumbo.

Hakuna lenzi? Mkia utakusaidia. *Eudrilus* huchongoka taratibu hadi ncha, rangi ya kijivu ya zambarau kichwani ikififia kuelekea nyuma. Hata hivyo rangi peke yake imewadanganya wengi, kwa sababu chakula huibadilisha.

Angalia angalau kumi kutoka sehemu mbalimbali za beseni. Mchanganyiko ni wa kawaida kuliko wauzaji wanavyokubali, na boksi lenye aina mbili hatimaye hubaki na moja: ile inayoendana na joto la mahali.

Tabora: ubishi wenyewe

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Oktoba mchana hupita 30, na hewa ni kavu kuanzia Mei. *Eudrilus* anaguswa pande zote mbili. Julai anapunguza kula na vifuko vya mayai vinapungua. Oktoba, boksi likiwa chini ya bati, anakufa. *Eisenia* ana nafasi pana zaidi kwa vyote viwili. Kwa hiyo kwa anayeanza Tabora Mjini, Nzega au Igunga, na anataka mboji tu, tunaona *Eisenia* ni salama zaidi, ingawa vitabu vingi vya nchi za joto humsifu *Eudrilus*. Kwa anayetaka chambo au chakula cha kambale na perege, *Eudrilus* bado anashinda kwa ukubwa, ila afugwe katika shimo la kina cha sm 40, lililozungushiwa matofali, chini ya mwembe, likifunikwa nyasi za paa na si bati wala turubai jeusi.

Kosa la Tabora lenye kuua haraka ni tumbaku. Urambo, Kaliua na Sikonge mashina na vumbi la tumbaku hupatikana bure, na mtu huona ni malighafi. Nikotini ni sumu kwa nyungunyungu wa familia zote tatu. Usitie hata kidogo, na usitumie mifuko au mikeka iliyofungia tumbaku kufunikia boksi.

La pili ni samadi ya ng'ombe waliodungwa au kunyweshwa dawa ya minyoo ya aina ya ivermektini. Dawa hiyo hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa. Muulize mfugaji. Asipokumbuka, fanya jaribio: kopo moja la samadi iliyopoa, nyungunyungu kumi, kifuniko chenye matundu, saa 48. Wakiwa wamekusanyika juu, wamelegea au wamekufa, hiyo samadi haifai, haidhuru imeoza vipi.

Usishangae pia shamba la Tabora kuonekana halina nyungunyungu hata mmoja kiangazi. Katika miombo mchwa ndio wafanyakazi wakuu wa udongo. Nyungunyungu wenyeji hushuka chini, hujikunja na kusubiri mvua.

Kigoma: mwambao na miinuko

Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari na hewa ya mwambaoni haina baridi ya kumtisha *Eudrilus*. Tatizo lake hapo ni mvua. Kuanzia Novemba, usiku wa mvua kubwa, *Eudrilus* na zaidi yake *Perionyx* hupanda kuta za boksi na kuondoka kwa mamia. Weka paa, toboa matundu chini, acha ukingo wa sm 10 usiojazwa, na siku tatu za kwanza baada ya kuwahamisha acha taa inawaka juu ya boksi usiku. Mwanga huwarudisha chini.

Malighafi ya Kigoma ni nzuri lakini ina mitego. Nyuzi za chikichi zilizobaki baada ya kukamua mawese ni matandiko mazuri zikilowekwa na kuoza kwa wiki tatu hivi. Zikiwa bado na mafuta zinazuia hewa na kunuka. Maganda ya muhogo mchungu yaozeshwe kwanza pembeni, kwa sababu ya sianidi. Migomba, yaani mashina yaliyokatwakatwa, ni bora kuliko vyote, hasa Kasulu na Buhigwe. Mabaki ya dagaa yaliyowekwa chumvi usitie kabisa: chumvi huvuta maji nje ya ngozi.

Kwenye miinuko, *Eisenia* haombi mengi. Boksi la mita 1 kwa 2, kina sm 30 hadi 40. Tandika sm 10 ya migomba na nyasi zilizolowekwa, juu yake samadi iliyokaa wiki mbili au tatu hadi moto uishe, kisha kilo moja ya nyungunyungu. Walishe chini ya nusu ya uzito wao kwa siku mwanzoni, yaani gramu 400 hivi, na uongeze pale chakula cha jana kinapokuwa hakionekani. Majivu ya jikoni yasizidi kiganja. Yakizidi, udongo unakuwa mkali upande wa magadi na wanakimbilia kona. Siafu ni adui mkubwa kuliko panya: miguu ya boksi isimame ndani ya makopo ya maji yenye tone la mafuta.

Wa mbugani ni familia nyingine

Wavuvi wa Malagarasi na watu wa mbuga huchimba chambo kwenye tope jeusi. Mle wamo pia *Alma*, wa familia ya Almidae, na *Alma emini* ni wa Afrika Mashariki. Hawa huishi kwenye tope lisilo na hewa na huinua mkia juu, wakiukunja kama mfereji ili kupata oksijeni. Aliyekomaa (nyungunyungu wote wana jinsia mbili) huonekana na vibapa viwili virefu mbele ya mwili. Watu hudhani ni jeraha. Kwa chambo wanafaa siku hiyohiyo. Boksini hawaishi, hakuna tope la namna hiyo katika samadi.

Kama ni chakula cha kuku au samaki

*Eudrilus* anatumika mbichi kwa samaki. *Eisenia* bora achovywe kwenye maji yanayochemka dakika moja: majimaji yake ya njano hufanya baadhi ya samaki wamkatae. Kwa kuku, mpike bila kujali familia, kwa sababu nyungunyungu wa shambani hubeba mabuu ya minyoo ya kuku, ukiwemo ule wa koo unaowafanya wakae midomo wazi wakihema.

Usimwage ziada porini

Hii inahusu zaidi wanaoishi karibu na Gombe, Mahale na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi. *Pontoscolex corethrurus* wa Amerika Kusini, wa familia ya Rhinodrilidae, amesambaa katika nchi nyingi za joto. Katika malisho karibu na Manaus, Brazili, ambako msitu ulifyekwa na nyungunyungu wengine wakatoweka, alisonga udongo juu hadi maji yakashindwa kupenya. *Eudrilus* hajulikani kwa balaa kama hilo, lakini Eudrilidae wenyeji wa misitu hiyo wengi bado hawajachunguzwa vizuri, na hatuoni sababu ya kuwaongezea mpangaji. Mboji inayopelekwa shamba la pembezoni mwa hifadhi ipepetwe kwa chekecheo la milimita 3, kisha ianikwe kivulini wiki tatu au nne, vifuko vilivyopita vianguliwe na watoto waondolewe, ndipo itumike.

Kusafirisha

Kati ya Kigoma na Tabora wengi hutumia treni. Ndoo ya lita 20 ichukue nyungunyungu kilo 2 tu, ndani ya migomba iliyooza na samadi kuukuu, unyevu wa kutotiririka, kifuniko kitobolewe kwa msumari matundu 20 hadi 30 na kifunikwe kitambaa ili wasitoke. Usiweke chakula kibichi safarini, kitachemka njiani. Ndoo ikae sakafuni upande wa kivuli, mbali na magunia ya tumbaku. Ukifika, usiwamwage moja kwa moja: changanya matandiko ya zamani na mapya nusu kwa nusu, waweke upande mmoja wa boksi, na waachie wahamie wenyewe.